Jina la Mganga wa Karema



Huko Kumsenga, katika nyanda za juu za Kibondo, mtoto wa nyumba ya Kikristo hupokea jina mara mbili, kama watoto wetu wa mahali pengine: moja nyumbani kwao, la pili mbele ya kisima cha Ubatizo. Wazazi hawalichagui kwa haraka. Hutumaini kwamba siku moja litatajwa kwa heshima hata na watu wasioijua nyumba lilikotoka. Tumaini hilo ni halali, wala hatuna nia ya kulikemea. Walakini tukiwatazama vijana wetu wa siku hizi, wa Buha na wa nchi nzima, twaona kwamba wengi wamekata njia ya mkato: wataka jina lisikike kwanza, na kazi ya kulistahilisha ije baadaye, kama itakuja. Kijana hujipiga picha, akairusha kwa simu, kisha akakesha akihesabu ni wangapi walioitazama. Kesho yake huanza kuhesabu upya.

Hatuandiki haya ili kuwacheka. Swali lao ni la kweli, na wakubwa nao hujiuliza, ijapokuwa kwa sauti ya chini zaidi: mtu hupataje jina linalobaki? Badala ya kulijibu kwa hotuba, tumeona heri kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo mpaka mwaka 1946 ilikuwa vikarieti moja na sehemu za Kigoma.

Lakini kwanza tuseme neno juu ya Buha yenyewe, maana watu wake wana sababu yao ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Uha akienda Ujiji kumtafuta Daktari Livingstone. Wakubwa wa nchi walimtoza hongo, akalipa, akatozwa tena mbele ya safari, mpaka akaona afadhali kuutorosha msafara wake usiku kwa njia ya porini. Kisha akaandika kitabu. Kitabu kikasomwa Ulaya na Marekani, na wasomaji wengi wa huko wakawajua Waha kwa hongo tu. Hakuna Mha aliyeulizwa kwa nini mgeni mwenye mizigo ya nguo na shanga apite bure katika nchi ya watu. Baadaye, zamani za Waingereza, wanaume wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga, na huko wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba. Jina alilopewa na baba yake alilijua yeye na wenzake wa kambi. Karani wa shamba alihitaji namba tu. Basi nchi hii imeonja yote mawili, kutangazwa na mpita njia, na kuhesabiwa pasipo kujulikana.

Adrian Atiman naye alihesabiwa, tena kwa hesabu iliyo mbaya kupita ile ya mkonge. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto wa miaka kama kumi alinyakuliwa na Watuareg, watu wa jangwani, akauzwa, akavushwa Sahara. Twaomba msomaji mwenye mtoto wa umri huo asimame hapa kidogo amtazame mtoto wake. Jangwa lile huvukwa kwa majuma mengi, mchana jua na usiku baridi, na mtoto aliyechoka huko hana mtu wa kumbeba isipokuwa yule anayeogopa kupata hasara.

Upande wa kaskazini wa jangwa, katika Algeria, mtoto huyo alikombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe, wale ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika. Shirika hilo lilikuwa bado changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882. Lavigerie aliamini kwamba Afrika haiwezi kuongolewa na wageni peke yao. Alitaka vijana wa Kiafrika waliookolewa utumwani wafundishwe uganga, kisha wapelekwe barani kama waganga na walimu wa dini, wakaishi na watu kwa chakula chao na lugha yao. Vijana hao aliwaweka katika kisiwa cha Malta, wasome katika chuo kikuu cha huko. Atiman alibatizwa, akaitwa Adrian, akawa mmoja wao.

Shauri la Malta halikuzaa kama lilivyotumainiwa. Majina ya wengi wa wale vijana leo hayatajwi tena, na sisi hatuwezi kuwalaumu. Kumng'oa mtoto kwao, kumvusha bahari na kumpanda katika nchi ya tatu si kazi ndogo, hata ikifanywa kwa upendo. Twalisema hili ili msomaji asidhani kwamba jina la Atiman lilitengenezwa Malta. Alitoka huko mwaka 1888 akiwa na ujuzi, imani na sanduku la vyombo vya kazi, na vitu hivyo vitatu wenzake nao walikuwa navyo.

Ulikuwa ni mwaka ule ambao Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akiwahutubia watu juu ya maovu ya biashara ya watumwa. Wakati mzee huyo akihutubia, kijana aliyewahi kuuzwa alikuwa akielekea Afrika ya Mashariki. Kutoka pwani aliingia bara kwa miguu pamoja na msafara wa wamisionari. Katika nchi hii njia za misafara ndizo ambazo watumwa walisukumwa kuelekea baharini. Yeye alikwenda kuelekea ziwani. Alifika Karema mwaka 1889.

Karema ni mahali pa kusimulia. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga ngome pale, kando ya maji. Mwaka 1885 waliondoka, wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Katika miaka hiyo maji ya ziwa yalikuwa yakishuka, kwa maana mto Lukuga wa upande wa Kongo ulikuwa umefunguka na kuyatoa, hata ngome iliyojengwa ukingoni ikajikuta imeachwa mbali na pwani yake. Ndani ya kuta hizo na pembeni yake kilikua kijiji cha watu waliokombolewa, wakimbizi, mayatima na wenyeji waliotafuta usalama. Atiman hakuhitaji kuelezwa habari zao.

Basi alianza kazi, na kazi yenyewe ndiyo sehemu ngumu kuisimulia, kwa sababu haikuwa na siku moja kuu. Asubuhi wagonjwa walimngoja. Palikuwa na homa, ndui, vidonda vya miguu, macho yanayotoka usaha, mama aliyekwama katika uzazi, mtu aliyejeruhiwa na mnyama. Alifunga majeraha, alipasua penye haja ya kupasua, alichanganya dawa. Jioni au siku nyingine alifundisha katekisimu. Alikwenda vijijini kwa miguu kuwatazama wasioweza kuletwa, na mgonjwa aliyekuwa akifa alimwandaa kwa kifo. Mganga na mwalimu wa dini walikuwa mtu mmoja, na yamkini wagonjwa wake hawakujua kazi moja ilikwisha wapi na nyingine ikaanzia wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia mwambao wa ziwa. Watu wa Buha hawahitaji kuelezwa neno hilo. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu katika sehemu za Kibondo na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa huo huo, na nyumba zao za zamani zikaachiwa pori na mbung'o. Ugonjwa wa namna hiyo humjaribu mganga kuliko mwingine wowote. Humwona mgonjwa akisinzia siku baada ya siku, naye dawa aliyo nayo ni haba. Hapo mganga anayetafuta sifa hana faida ya kubaki. Atiman alibaki.

Jambo jingine tunalolistahi sana ni hili. Katika Buha mfumu ni mtu mwenye sifa iliyokwenda mbali, na watu hutoka mikoa mingine kuja Kigoma kutafuta mitishamba. Wengi waliorudi kutoka shule za Ulaya wakati ule walizicheka dawa za wenyeji zote pamoja, za kweli na za uongo. Atiman alikuwa amesoma uganga wa Kizungu, walakini alijifunza majani na mizizi ya nchi ile, akaangalia yapi yanaponya, akayatumia. Ramli na hirizi hakuzikubali, maana alikuwa Mkristo thabiti. Kuchambua hivyo kwahitaji saburi. Kudharau yote ni rahisi, na kuamini yote ni rahisi vilevile. Mgeni wa Niger mwenye elimu ya Malta alichukua taabu ya kuuliza.

Alioa mwanamke wa nchi ile, wakapata mwana, Yosefu. Hapa twamwomba msomaji mwenye watoto atulie tena, kwa sababu nyumba ile ilipata heshima ambayo ilikuwa pia hasara. Yosefu alisikia wito, akasoma, na mwaka 1923 akapewa daraja ya upadre, miongoni mwa mapadre wa kwanza wazalendo wa vikarieti ile. Sisi Wakatoliki twasoma habari hiyo kwa furaha, na inafaa. Lakini tuitazame kwa macho ya wazee wetu. Kwao, jina la mtu hubaki kwa wajukuu. Babu hutajwa kwa sababu yupo mtoto aliyerithi jina lake. Atiman alikwisha kukatwa na wazazi wake tangu utoto. Upande wa Niger hapakuwa na mtu aliyejua kama yu hai. Sasa na upande wa mbele, mwana wake alikuwa amemtolea Mungu uzao wake. Baba aliyeokotwa jangwani hakupata wajukuu kwa Yosefu. Twafikiri alijua vema alichokitoa siku ile, kwa maana hakuna mtu anayeijua thamani ya ukoo kama yule aliyenyang'anywa ukoo wake.

Wakati wote huo nyakati zilikuwa zikibadilika mlangoni pake. Alipofika, Wajerumani walikuwa wameandika nchi hii kuwa yao lakini bendera yao ilikuwa haijapanda kwenye mwambao ule. Ilipanda, ikashuka katika vita kuu ya kwanza. Waingereza wakatawala. Askofu Lechaptois, aliyeiongoza vikarieti tangu mwaka 1891, alifariki mwaka 1917, na wengine wakashika nafasi yake. Wamisionari walikuja wakiwa vijana, wakazikwa au wakarudishwa Ulaya wagonjwa. Atiman alikuwa pale pale. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na hivyo wasomaji wa mbali wakapata kumjua. Nishani pia zilikuja, za Kanisa na za serikali, hatutazihesabu hapa. Zilikuja uzeeni, na wagonjwa wa Karema walikuwa wamekwisha kumjua kwa miaka 50 bila kuzingoja.

Alifariki Karema mwezi wa Aprili 1956, mzee wa miaka kama 90. Chama cha TANU kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Alikuwa ameishi na kufanya kazi mahali pamoja kwa miaka 67.

Twaiandika namba hiyo tena, 67, kwa kuwa twaamini ndani yake mna jibu la lile swali la vijana. Mtoto aliyetibiwa na Atiman mwaka 1890 aliweza kumletea mtoto wake, na mjukuu wake, na kitukuu. Hakuna aliyelazimishwa kumkumbuka. Jina lake lilipita kinywani mwa mama anayemwambia jirani apeleke mtoto wapi, usiku, kukiwa na homa ndani ya nyumba. Kwa njia hiyo jina haliendi mbali upesi. Huenda nyumba hadi nyumba, na kila anayelitaja anajua kwa nini analitaja.

Tulinganishe. Katika miaka ile ile Ujiji ulikuwa na mtu mkuu, Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, na maana ya jina hilo inajieleza yenyewe kwa kila ajuaye Kiswahili. Alikuwa na bunduki, pembe za ndovu na watu wa kutumwa, na sehemu ya kaskazini ya ziwa ilitetemeka kwa ajili yake. Mwaka 1889 mtu angeulizwa kando ya ziwa nani atakayekumbukwa zaidi, Rumaliza au yule kijana mgeni aliyeshuka Karema na sanduku la dawa, asingefikiri hata kidogo kabla ya kujibu. Leo Rumaliza yumo vitabuni, na mwanafunzi humsoma kwa ajili ya mtihani. Jina la Atiman limeandikwa juu ya mlango wa hospitali: Sumbawanga, mjini, hospitali ya Kanisa huitwa Dokta Atiman Kristo Mfalme. Dar es Salaam nayo ina nyumba ya Wamisionari wa Afrika iitwayo Atiman House.

Hata hivyo tusijipongeze mapema. Jina lililoandikwa ukutani laweza kufa likiwa ukutani. Twaogopa kwamba wapo wengi wanaopita chini ya kibao kile, wagonjwa, wauguzi, na hata waandishi wa magazeti kama sisi, ambao wakiulizwa Atiman alikuwa nani watasema labda alikuwa Mzungu mfadhili. Hili likitokea kosa si la kibao. Ni letu, tuliopewa urithi tukaufunga kabatini. Katika mafundisho ya Kipaimara watoto wetu hujifunza habari za Mashahidi wa Uganda, na vema sana. Lakini huyu aliyezikwa katika nchi yetu wenyewe, aliyeponya babu zetu, hutajwa mara ngapi? Mapadre na makatekista watujibu, na wazazi wasidhani kwamba swali ni la mapadre na makatekista peke yao.

Makatekista hasa tunawakumbuka tunapoandika haya. Vigango vya Kibondo na Kasulu, kama vya kila mahali, huishi kwa kazi yao. Padre hawezi kuwa katika kila kigango kila Jumapili. Katekista ndiye anayewakusanya watu, anayefundisha watoto, anayeitwa mtu akiwa mahututi, anayesimama kaburini. Shukrani apewayo ni ndogo, na mara nyingine twaona aibu kuitaja. Kuna ambaye husikia wenzake wa shuleni wakitajwa redioni, naye anajulikana kwa nyumba chache tu za upande wake wa mlima. Hatumwahidi kwamba jina lake litaandikwa juu ya hospitali. Ahadi hiyo si yetu kuitoa, na Atiman mwenyewe hakupewa. Twamwomba tu asidhani kwamba nyumba hizo ni chache.

Kutoka Kumsenga hadi Karema ni safari ndefu: Kibondo, Kasulu, Uvinza penye chumvi, Mpanda, kisha kushuka ziwani. Karema sasa imo katika Mkoa wa Katavi, na imejengwa bandari mpya pale ambapo zamani mitumbwi ilivutwa mchangani. Ngome ya Wabelgiji na kanisa la zamani bado ni vitu vya kutazamwa. Wapo wanaokwenda Ujiji kulitazama jiwe la kumbukumbu ya siku ile Stanley alipoonana na Livingstone, na hatuwakatazi. Lakini parokia itakayoweza kukodi gari na kuwachukua vijana wake wa Kipaimara, iwapeleke pia Karema. Wawaulize wazee wa pale habari za mganga. Wazee wenye umri wa kumwona kwa macho wamebaki wachache mno, na kila mwaka hupungua, kwa hiyo safari hiyo haifai kungoja jubilei.